Kwa Kina Yeni, Ambako Nyumba Ni ya Mama

Tangu nirudi, kila anayeingia chumbani kwetu hapa Al Baraha, Dubai, hutazama kwanza kitanda cha Yeni, kisha hunitazama mimi, kisha huuliza. Nimesimulia jikoni, nimesimulia ndani ya basi la kampuni, nimesimulia kanisani siku ya Ijumaa hadi sauti imenikauka, na bado kila mtu anaondoka na hadithi yake. Adongo, anayelala kitanda kilicho mkabala na changu na ambaye mdomo wake hauna kufuli, amewaambia watu kwamba Yeni ameolewa. Kuna waliosikia kwamba mimi nimenunua shamba la mpunga. Basi naandika. Msome wenyewe, mniache nilale.

Mambo ya viza, tiketi na ruhusa ya madam wa kazini siyasemi, machungu hayo kila mmoja wetu anayajua. Ila lazima mjue niliondoka na nini moyoni. Kaka yangu Wafula alikuwa akinipigia simu kutoka Bungoma akitaka nikubali, kama sheria inavyodai kwa warithi wote, shamba la marehemu baba liuzwe, yeye anunue ploti mjini na mama ahamie huko kwenye chumba cha uani. Nikimuuliza mama mwenyewe anasemaje, jibu lilikuwa moja: "Mama yuko sawa." Kwetu binti ni mgeni anayesubiri kuolewa, na mgeni haulizwi kitanda kiwekwe wapi. Nilikuwa nimeshaamua kumjibu ndiyo, mradi kwanza nipate mahali pengine pa kujishikiza, mimi na mama yangu, siku mkataba utakapokwisha.

Na mahali penyewe nilidhani nimeshapapata. Yeni na mimi tumetandika vitanda hoteli moja hapa Deira kwa miaka, tunajuana mpaka kikohozi. Kwao ni kijijini, Sumatra Magharibi huko Indonesia, na alikuwa akiniambia kuna ardhi, kuna mto, kuna wageni wa Kizungu wanaokuja kupiga picha mashamba ya mpunga na hawapati pa kulala. Tulishajenga nyumba yetu ya wageni kwa maneno, chumba baada ya chumba. "Twende likizo, Uni, ukaone mwenyewe," alisema. Uni ni dada mkubwa kwa lugha ya kwao. Adongo alipotusikia alicheka hadi akakaa chini.

"Mama yako hata Nairobi hajafika," akaniambia, "leo ndio atahamia kwa Waindonesia? Wewe Nekesa unaota ukiwa macho."

Blanketi

Kwetu huendi kwa mzee wa watu kuzungumzia ardhi ukiwa mikono mitupu. Kwa hiyo nilinunua blanketi jekundu, lile zito la manyoya, ambalo Mkenya wa hapa haendi nyumbani bila kulikokota. Adongo alilikandamiza kwa magoti, akalifunga kamba hadi likawa kama mtungi. Uwanjani wale wa mizani walilitazama kwa dharau, tukatoa jozi mbili za viatu vyangu kutoka kwenye begi ili blanketi lipite kama mzigo wa mkononi.

Yeni aliniuliza ni la nani. Nikamjibu, la mzee wenu, baba yako. Aliinua mabega. "Atafurahi," akasema, na tukaendelea na foleni. Mpaka leo nikikumbuka yale mabega nataka kumfinya.

Kuala Lumpur, na moshi

Kuala Lumpur tulitakiwa kubadilisha ndege haraka tuendelee hadi Padang. Wapi! Tulipotazama nje ya vioo, anga ilikuwa rangi ya majivu na jua limekuwa jekundu kama kaa. Nikadhani ni mvua. Yeni akaniambia ni moshi: huko Sumatra msitu unaungua, na marubani hawaoni njia. Mimi nimezaliwa tunachoma magugu kila msimu, lakini moshi wa kufunga uwanja wa ndege wa nchi nyingine sijapata kuuona. Nilipigwa na butwaa, nikakaa juu ya blanketi langu.

Safari iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Katika kungoja huko tukafahamiana na bwana mmoja mtaratibu, mtu wa jimbo hilohilo la kina Yeni, mtunza ghala bandarini Jebel Ali, kulekule Dubai. Alifungua kopo la dagaa waliokaangwa kwa pilipili, akatugawia. Walikuwa wakali kiasi kwamba machozi yalinitoka, na niliendelea kula. Akatuonyesha kwenye simu nyumba aliyokuwa akijenga kwao: matofali, vigae, madirisha ya rangi ya buluu, kazi safi kabisa. Nikampongeza, nikamwambia familia yake itakaa raha.

"Ni ya dada yangu," akasema.

Nikamuuliza yake mwenyewe iko wapi. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemjibu mtoto.

"Mimi ni mwanamume," akajibu, na akanisogezea kopo la dagaa.

Nilimwonea huruma. Moyoni nilisema, huyu dada amemroga kaka yake. Nikamgeukia Yeni nipate kuungwa mkono, lakini yeye alikuwa akitazama picha ya vigae, akiuliza vimenunuliwa wapi.

Padang, mezani

Moshi ulipopungua tuliruka, na tukatua Padang tukiwa na njaa ya kuuma. Mkahawa ule Yeni aliuingia akiimba. Hatujaagiza kitu, hatujafungua hata mdomo, akaja kijana amepanga sahani mkononi kutoka vidole hadi begani, akazishusha mezani kwetu zote: nyama nyeusi iliyopikwa kwa tui hadi ikakauka, samaki, mayai kwenye mchuzi, mapafu ya ng'ombe yaliyokaangwa yakawa kama biskuti, majani ya mihogo, vitu ambavyo sikuvijua jina. Kisha akaleta nyingine. Meza ilijaa hadi sahani zikapandana.

Niliona tumekwisha, tutaoshea watu vyombo hadi likizo iishe. Na kwa kuwa mama yangu alinilea kwamba chakula kilichopakuliwa hakirudishwi, nilishika kazi. Nilikula, nikala, nikamaliza sahani moja nikavuta nyingine, na kila nilipoivuta Yeni alinitazama kwa mshangao na heshima. Nilipofika kwenye mapafu nilikuwa napumua kwa shida. Ndipo aliponiambia kwamba pale huwekewa vyote, unakula unachotaka, na usichogusa kinarudi jikoni. Nilitaka kumrushia yai.

Njia ya kwenda kijijini ni ya kona na milima. Dereva alivuta sigara tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi na ile nyama tulisafiri kimyakimya, kila mmoja akimvumilia mwenzake.

Nyumba yenye pembe

Sasa hapa ndipo nilipobaki mdomo wazi kwa kweli. Nyumba ya kina Yeni ni ya mbao, ndefu, imeinuliwa juu ya nguzo, na paa lake limepinda na kuchongoka pande zote mbili kama pembe za nyati. Nyuma wamejenga jiko la matofali, na televisheni ipo, msidhani. Mbele yake mpunga umeshuka ngazi kwa ngazi hadi mtoni. Nilisimama pale nikasema, hapa mama yangu angepona mgongo.

Mama yake Yeni wanamwita Amak. Ni mama mfupi, magoti yanamsumbua, sauti yake ndogo na kila mtu anaisikia. Alinishika uso kwa mikono miwili, akasema kitu, wanawake wote wakacheka. Yeni akatafsiri kwamba nimekonda, Dubai hawanilishi. Baada ya hapo ikawa wali asubuhi, wali mchana, wali jioni. Nilipouliza kama kuna mahindi nisonge ugali kidogo, nilionyeshwa mahindi. Walikuwa wanawapa kuku.

Baba yake Yeni ni mzee mpole, mwembamba, wa kutabasamu. Nilimwandama. Akienda kung'oa magugu, nimo. Akienda kutazama mfereji wa maji, nimo, matope magotini. Nilimbebea jembe, nilimkorogea chai, nilicheka kila alipocheka ingawa hatukuwa na lugha, isipokuwa maneno kama dunia, salama na habari, ambayo kwao yanakaribiana na yetu. Nilikuwa nafanya kazi ya siasa, jamani. Siku nilipoona ameiva, nilimpa blanketi mbele ya watu, kwa mikono miwili, na hotuba fupi ya heshima kuhusu wageni na wenye ardhi. Yeni alitafsiri akiwa amejiziba mdomo kwa kitambaa. Mzee alilipapasa yale manyoya, akanishukuru sana, macho yakamlengalenga.

Kesho yake asubuhi blanketi halikuwepo. Niliangalia ng'ambo ya mashamba, kwenye nyumba nyingine yenye pembe, nikaliona limeanikwa kwenye kamba, jekundu lile, linapigwa na jua. Nilihisi wamelikataa, au limeibwa. Nikamburuta Yeni hadi dirishani.

"Hajalikataa," Yeni akasema. "Amelipeleka kwao."

"Kwao wapi? Si hapa ndio kwake?"

"Pale ni kwa dada yake. Hapa baba analala tu, Uni. Hapa ni kwa mama."

Mzee mwenyewe alipotukuta dirishani na kuelezwa ninachouliza, hakukasirika hata kidogo. Alisema kwao mume ndani ya nyumba ya mkewe ni kama majivu juu ya kisiki, upepo ukivuma yamekwenda. Alilisema hilo akitabasamu, akachukua jembe lake akaenda kazini. Mimi nikakaa sakafuni. Yaani siku zote zile nilikuwa nambembeleza mgeni mwenzangu!

Nikamgombeza Yeni kwa nini hakuniambia. Akasema hakujua kwamba kuna la kuambiwa. Nilipokuwa nasema Dubai kwamba nitazungumza na wazee wake, yeye alidhani namaanisha mama yake na kaka wa mama yake, maana wazee ni nani wengine? Ardhi, nyumba, vyumba vile, hutoka kwa mama kwenda kwa mabinti. Wavulana hujifunza mapema kwenda mbali. Nikamkumbuka yule bwana wa Jebel Ali na kopo lake, nikaona haya kwa jinsi nilivyomfikiria.

Mkekani

Basi nikaomba upya, safari hii kwa wenyewe. Baada ya sala ya alasiri tulikaa mkekani: Amak, Yeni, mimi, na mjomba wake Yeni, kaka yake Amak, mtu mrefu mwenye kofia nyeusi ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Baba alikuwa nje akifunga uzio. Tuliletewa chai ya majani ya mbuni, mti wa kahawa, ndani ya vifuu vya nazi. Nilieleza yote, nyumba ya wageni, mimi na Yeni, kipande kidogo tu karibu na mto. Niliongea vizuri, nawaambia. Hata Adongo angeguswa.

Mjomba alimtazama kwanza Amak, kisha akajibu taratibu. Ardhi ya ukoo haiuzwi, kwa mgeni wala kwa jirani. Hata kuiweka rehani ni mpaka litokee jambo zito, kama maiti amelala ndani na hakuna cha kumzikia, au paa la nyumba kubwa linavuja. Si ya Amak kuiuza, wala si ya Yeni. Wao wanaishikilia tu, na waliowaachia ni wanawake ambao hata majina yao mengine yameshasahaulika. Kulala ninaweza kulala hapo siku zote za maisha yangu. Kununua, hapana.

Nikanywa chai ile isiyo na sukari ili nisionyeshe uso. Ndipo Amak aliposema kitu, na Yeni akanigeukia.

"Amak anauliza, nyumba ya mama yako sasa hivi anayo binti gani?"

Nikasema binti ni mimi peke yangu. Akauliza, kama niko hapa, nyumba ameshika nani. Nikaeleza: kaka yangu. Nikaeleza kwamba kwetu shamba ni la wana wa kiume, kwamba kaka anataka kuliuza na ananisubiri nikubali, kwamba mama atahamishiwa kwenye chumba mjini. Yeni alikuwa akitafsiri na sauti inapungua. Amak aliweka kifuu chini. Mjomba akavua kofia, akaivaa tena. Walinitazama vile nilivyokuwa nimeitazama meza ya Padang. Nimewahi kushangazwa na watu wengi, lakini kutazamwa kwa mshangao kiasi kile, mimi na kwetu kote, ilikuwa mara ya kwanza.

Amak akauliza kama mama yangu amekuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Kisha akasema neno refu, polepole, na Yeni akalitafsiri akiangalia mkeka.

"Anasema, umevuka bahari kuja kuomba ardhi kwa mama wa mwenzio. Kwa mama yako umeomba lini?"

Nilidhani mazungumzo yamekwisha, nikaanza kuinuka. Lakini mjomba alikuwa ameanza upya, na sasa hakuwa akisema na mimi. Alisema na Yeni, kwa muda mrefu, na Amak alikuwa akipapasa magoti yake. Nikamuuliza Yeni wanasemaje.

"Hili sikutafsirii," akasema.

Mtoni

Aliniambia tukiwa tunafua. Wanataka abaki. Dada yake mkubwa alishafariki, kaka zake wako mbali, Amak hawezi tena kushuka ngazi za mashamba, na nyumba isiyo na binti kwao inahesabika imezimika. Mjomba hakumlazimisha. Alimkumbusha tu.

Mimi nikaanza kumpa hongera. Nilikuwa bado na ulevi wa yale niliyoyaona: binti amepewa nyumba yenye pembe, mashamba hadi mtoni, na kaka anamjengea dada yake bila kununa! Nikamwambia hajui bahati aliyonayo. Yeni alikamua shati kwa nguvu hadi nikadhani litachanika.

"Wewe unalia kwa sababu umenyimwa," akasema. "Mimi nimepewa, lakini na mimi sikuulizwa. Mimi nilitaka kurudi Dubai, Uni. Nilitaka kuwa msimamizi. Nilikuwa karibu."

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake, na mimi nilikuwa nimelala ndani na bado sikuijua. Nilimshika mkono tukakaa kwenye jiwe. Tulilia wote wawili, kila mmoja kwa lake, na nguo moja ikachukuliwa na maji tukaiacha iende. Nilimuuliza kama atakataa. Akasema anaweza kukataa, hakuna atakayemfunga kamba. Baadaye akasema, "Lakini umeona magoti ya Amak."

Basi Adongo, umesikia. Hajaolewa. Amebaki.

Kurudi peke yangu

Alinisindikiza hadi Padang. Hakutaka tule pale pa sahani nyingi. Tulinunua ndizi za kukaanga tukala tumesimama. Alinipa sare zake za hoteli, amezifua na kuzipiga pasi, niwarudishie watu wa stoo. Nikamwambia nyumba ya wageni anaweza kuifungua mwenyewe, ardhi ni yake. Akacheka kidogo, akasema mimi bado sijaelewa, si yake, ila atamuuliza mjomba. Nilipogeuka baada ya kukaguliwa begi alikuwa bado amesimama pale pale, mfuko wa ndizi mkononi.

Kuala Lumpur safari hii anga ilikuwa safi na ndege ikaondoka kwa wakati wake, jambo lililoniudhi, maana nilihitaji muda wa kufikiri. Dubai nilitua mchana, joto likanipiga usoni kama mvuke wa sufuria. Dereva wa teksi aliniuliza nyumbani kulikuwaje. Alidhani natoka kwetu. Nikamwambia kuzuri.

Nilipofika Al Baraha wote mlikuwa kazini. Sikufungua begi. Nilimpigia Wafula. Alifurahi kusikia sauti yangu, akaniambia amepata mnunuzi mzuri, kilichobaki ni neno langu tu.

"Neno langu ni hapana," nikamwambia.

Alidhani simu ni mbaya, akauliza tena. Nikarudia. Akaniuliza ni nani amenifundisha haya, kama ni Waarabu au ni wale wa kanisani. Akaniambia binti hana shamba, na kwamba hata hivyo mama yuko sawa, tulishamaliza hayo maneno. Sijawahi kumjibu kaka yangu hivyo tangu nizaliwe. Nikamwambia ampe mama simu.

Nilisikia kuku, nikasikia kiti kinaburutwa, nikasikia Wafula akimwelekeza la kusema kwa Kibukusu. Kisha nikasikia mama akimwambia atoke nje.

"Mama," nikasema, "wewe unataka shamba liuzwe?"

Nilisikia mlango ukifungwa.

"Tangu tumzike baba yako," akasema, "hakuna aliyeniuliza."

"Mimi nakuuliza."

"Basi sitaki. Na wewe njoo upesi nikuonyeshe mipaka, maana huyo kaka yako haijui yote."